Habari za Swali la Mkiani katika Ufuo wa Mwanza

Katika mambo yote ambayo lugha ya Kiingereza ilikuja nayo katika ufuo wa kusini wa Ziwa Viktoria, sioni lililo dogo kwa umbo na gumu kwa matumizi kama lile swali fupi litiwalo mwishoni mwa sentensi ili kumtaka msikiaji akubali yaliyosemwa, ambalo wanafunzi wa kata ya Mkuyuni, mjini Mwanza, na walimu wao hulitaja kwa jina lake la kigeni, "question tag", na ambalo mimi, kwa kuwa hukaa nyuma ya sentensi kama mkia, nitaliita swali la mkiani. Mswahili akitaka mwenziwe amwafiki kwamba mvua itanyesha, husema, "Mvua itanyesha, sivyo?", na akitaka kuafikiwa kwamba Mariamu hakuja, kwamba watoto wamelala, au kwamba bei ya samaki imepanda, neno lake ni lile lile, sivyo au siyo, wala halibadiliki kwa mtu, kwa wakati, wala kwa idadi. Mwingereza hana neno moja la kazi hiyo. Sharti atazame kitenzi kisaidizi alichokitumia mwanzo, akirudie. Kama hakutumia chochote, aazime "do" na kukipa wakati unaostahili. Sharti ageuze kubali kuwa kanushi, na kanushi kuwa kubali. Sharti aondoe jina la mtu au la kitu na kutia kiwakilishi chake. Na hayo yote ayatimize kabla ya pumzi ya sentensi kwisha. "It will rain, won't it? Mariamu didn't come, did she?"

Mtu angedhani kwamba mtoto wa Kisukuma, ambaye tangu ulimi wake ulipolegea amezoea kupatanisha kila neno na ngeli ya jina linaloliongoza, angeyaona haya kuwa mchezo. Historia ya somo hili yaonyesha vingine, na sababu, kwa maoni yangu, si ugumu wa sarufi. Swali la mkiani ni usemi wa watu wawili walio sawa, au angalau waliokubali kuwa sawa kwa muda wa mazungumzo: msemaji hutoa rai yake, kisha humpa mwenziwe nafasi ya kuitia muhuri au kuikataa. Kiingereza kilifika Mwanza, na kikakaa Mwanza miaka mingi, kwa njia ambazo usawa huo haukuwamo.

Kilifika kwanza katika karatasi. Mwezi wa Februari 1875 Henry Morton Stanley alipiga kambi Kageyi, mashariki ya mahali ulipo mji wa Mwanza hivi leo, ambako alimkuta mfanyabiashara wa pwani anayemtaja kwa jina la Sungoro. Na katika msafara wake alikuwamo kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa Unguja na wamisionari wa Kiingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Mwaka huo huo Dallington alibakizwa Buganda kwa Kabaka Mutesa ili amsomee Biblia, akawa pia katibu wake, mwenye kuandika barua za mfalme kwa Wazungu. Kwa hiyo mmoja wa Waafrika wa kwanza kutumia Kiingereza kwa kazi kando ya ziwa hili alikitumia kwa kalamu, na barua, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuandika moja, haina mtu wa kuitikia kichwa upande wa pili. Ndani ya barua swali la mkiani halina makao.

Waliofuata hawakuwa Waingereza wengi. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliokuja kuitwa Mapadri Weupe, walijenga misheni yao Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, na lugha yao ilikuwa Kifaransa, ambacho humaliza sentensi zake za namna hii kwa "n'est-ce pas" isiyobadilika. Wadachi walipoijenga boma yao Mwanza katika miaka ya 1890 walikuja na "nicht wahr", nayo haibadiliki. Na katika kazi za serikali hawakuitumia sana lugha yao, kwani waliendesha dola kwa Kiswahili, wakawaweka maakida na makarani waliokijua, na kuandikiana nao kwa Kiswahili. Baadaye walikuja mapadri wa Kiholanzi, akiwamo Joseph Blomjous aliyekuwa askofu wa Mwanza tangu 1946. Kila mmoja wa wageni hao alikuwa na njia yake nyepesi ya kumwuliza mwenziwe kama anakubali, na kila mmoja angeweza kuifasiri kwa neno sivyo bila ya kupungukiwa na kitu. Katika mataifa yote yaliyopita kwenye ufuo huu, Mwingereza peke yake ndiye aliyekuja na swali linalotaka hesabu.

Majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji wa Mwanza mwezi wa Julai 1916, na baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya udhamini wao. Hawakuiondoa kaida waliyoikuta. Mkutano wa elimu uliofanywa Dar es Salaam mwaka 1925 ulikithibitisha Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini, Kiingereza kikaachwa kwa wachache waliopanda juu. Na katika miaka hiyo ilifunguliwa shule ya serikali ya Tabora, ambako watoto wa watemi, na baadaye vijana wengine wenye akili kama Julius Nyerere aliyeingia mwaka 1937 akitoka Musoma, walitayarishwa kwa kazi za utawala na ukarani. Karani wa boma, karani wa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba: hawa ndio waliokusudiwa na Kiingereza kile, na kazi yao ilikuwa kunakili, kujumlisha, kuandika hati ya mizigo na kujibu barua kwa adabu. Hata wale waliokigeuza Kiingereza kuwa silaha ya kudai haki, kama wanachama wa Tanganyika African Association waliopeleka malalamiko yao serikalini, na kina Paul Bomani waliowaunganisha wakulima wa pamba mpaka likapatikana shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria Federation mwaka 1955, walikitumia zaidi kwa maandishi. Nimewahi kusoma barua za namna hiyo za wakati ule, na nilistaajabia ufasaha wake. Lakini ni ufasaha wa mtu asimamaye mbele ya meza, wala si wa mtu aliyealikwa kuketi.

Ama mazungumzo yenyewe, Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa Kiingereza, aliyazungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa ofisa wa Tanganyika alitakiwa kufaulu mtihani wa lugha hiyo, na Kiswahili chake kwa raia kilijaa maagizo. Kiingereza chake cha maongezi alikiweka kwa wenziwe, barazani na klabuni jioni, na huko ndiko lilikoishi swali la mkiani: joto limezidi leo, sivyo, mvuvi yule ni hodari, sivyo, posta imechelewa tena, sivyo. Haikosi kwamba boi aliyewapelekea chai alilisikia mara nyingi kuliko mwanafunzi bora wa Tabora.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo mtu wa kawaida wa Mwanza angeweza kuelekezewa swali hilo yeye mwenyewe, napo ni mahakamani. Wakili wa mila ya Kiingereza anapomhoji shahidi wa upande wa pili, silaha yake kubwa ni sentensi iliyokwisha kamilika pamoja na mkia wake: wewe ulikuwapo usiku ule, sivyo, hukumwona mshtakiwa, sivyo. Hapo usawa hupinduliwa, na lile swali lililozaliwa kwa ajili ya kukaribisha maafikiano hugeuka kuwa mtego wa kuyalazimisha. Na baina ya wakili na shahidi alisimama tarjumani, ambaye mzigo wake haujapata kuelezwa vya kutosha. Maana shahidi akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukumwona, sivyo?", na kweli hakumwona, hujibu kwa haki kabisa, "Ndiyo", yaani ndivyo ulivyosema, sikumwona. Mwingereza katika hali hiyo hiyo hujibu "No", kwa sababu jawabu lake hufuata tendo lenyewe, ilhali la Mswahili hufuata kauli ya aliyeuliza. Tarjumani akifasiri neno kwa neno, shahidi amekwisha kiri kuona asichokiona. Akifasiri maana, wakili asiyeijua lugha ataona kwamba ndiyo imegeuzwa kuwa siyo mbele ya macho yake, na ataanza kumshuku.

Kesi mashuhuri kuliko zote za wakati ule katika Afrika ya Mashariki, ile ya Jomo Kenyatta na wenziwe watano iliyosikilizwa Kapenguria, Kenya, tangu mwishoni mwa 1952 mpaka Aprili 1953, ilionyesha jinsi tarjuma inavyoweza kuwa uwanja wa vita, kwani Louis Leakey, aliyekijua Kikuyu kama mzaliwa, aliacha kazi ya ukalimani baada ya mawakili wa utetezi kumpinga. Kenyatta mwenyewe alitoa ushahidi wake kwa Kiingereza. Alikuwa amekaa Uingereza miaka mingi, na bila shaka alizijua njia zote ambazo swali dogo hupitia ili kumfunga mtu kwa ulimi wake.

Vitabu vya darasani navyo vina nasaba ya ajabu, ambayo mwalimu anayevitumia aghalabu haijui. Elimu ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, kama ilivyokuja kuenea makoloni, haikuchipuka London. Sehemu yake moja ilitoka Bengal, ambako Michael West alitunga katika miaka ya 1920 vitabu vyake vya kusoma vyenye msamiati uliopimwa. Na sehemu kubwa ilitoka Japani, alikokwenda Harold Palmer mwaka 1922 na A. S. Hornby mwaka 1924. Hornby na wenziwe wawili ndio waliotunga kamusi ya wanafunzi iliyopigwa chapa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zikiwa vitani, ambayo Oxford iliitoa tena mwaka 1948 na kuieneza dunia nzima. Mafundisho yao yaliigawa lugha katika miundo, na kila muundo ukafanyiwa mazoezi mpaka uwe tabia. Kitabu cha W. Stannard Allen kiitwacho Living English Structure, kilichotoka mwaka 1947, kilikuwa mazoezi tele, na kilipita mikononi mwa walimu wengi wa nchi hizi. Siwezi kuwalaumu watungaji hao, waliokuwa mahodari wa fani yao. Nasema tu kwamba muundo wa swali la mkiani uliwafaa kuliko wote, kwa kuwa ni mashine kamili: tia sentensi upande huu, upande ule mkia utoke. Mashine hiyo ilisafiri salama kutoka Tokyo mpaka Mwanza. Mazungumzo iliyokusudiwa kuyatumikia hayakusafiri nayo.

Mwezi wa Januari 1961, katika chuo cha Makerere, upande wa kaskazini wa ziwa hili hili, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kujadili mafundisho ya Kiingereza. Kutoka katika mkutano huo zilienea imani ambazo mtaalamu wa lugha Robert Phillipson alikuja kuzikosoa vikali mwaka 1992: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza kitupu, kwamba mwalimu aliye bora ni mzaliwa wa lugha, kwamba kukianza mapema na kukisoma kwa wingi ndiko kunufaika, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana Kiingereza hushuka. Kwa habari ya swali la mkiani, imani ya kwanza ndiyo iliyodhuru zaidi. Mwalimu aliyekatazwa kutia Kiswahili darasani alinyimwa njia iliyo fupi kuliko zote, ambayo ni kuwaambia watoto kwamba hiki ndicho kile kile mnachokisema kila siku uani kwa neno sivyo, ila mwenye lugha hii hupenda kulivalisha nguo mpya kila mara. Sentensi moja kama hiyo ingeokoa wiki nzima.

Kisha yakaja mabadiliko ya 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, Kiingereza kikabaki somo moja miongoni mwa masomo. Lakini katika sekondari kikaendelea kuwa lugha ya masomo karibu yote. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo ziingie katika Kiswahili. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakiwezi Kiingereza kwa kiasi cha kujifunzia, na bado wakashauri kiendelee, jambo ambalo Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walilijadili kwa kirefu katika kitabu chao cha 1997. Watu wameandika mengi juu ya shauri hilo, nami sitaongeza.

Lililo na uzito kwa habari yetu ni mtihani. Tanzania ilitahiniwa sekondari na Cambridge mpaka 1968, ikajiunga na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ikajitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Nchi kubwa yenye watahiniwa wengi wa darasa la saba ilihitaji maswali yanayosahihishwa upesi na bila ya ubishi, yaani ya kuchagua jibu kwa herufi, na kama lipo jambo katika Kiingereza lote lililoumbwa kwa ajili ya kuchagua herufi, ni swali la mkiani. Jibu sahihi ni moja. Majibu ya uongo hujitunga yenyewe, kwani yatosha kubadili wakati, au nafsi, au kusahau kugeuza ukanushi. Likaingia katika karatasi za mitihani, likakaa. Kwa kuwa mtahini huchoka na yaliyo mepesi, akazitafuta tofauti na kaida: "I am late" hufuatwa na "aren't I", ingawa hakuna asemaye "I are", "Let's go" hufuatwa na "shall we", na "Nobody came" hufuatwa na "did they", ambapo mtu ambaye hayupo kabisa amegeuka kuwa watu wengi. Nimewasikia watoto wa darasa la sita wakizisoma kwa sauti tofauti hizo kama watu wasomao nyiradi, nao hawana uwezo wa kumwuliza mwenzao kwa Kiingereza kama ameiona kalamu yao.

Mkuyuni ni kata iliyo kusini ya mji, baina ya vilima vya mawe na maji, kwenye barabara ielekeayo Butimba na Nyegezi na hatimaye Shinyanga. Jirani yake Butimba pana chuo cha ualimu, na Nyegezi ndiko Mapadri Weupe walikoanzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Hivyo mitaa hii haijapata kukosa walimu wala watu wa kujifunza ualimu. Mwalimu mwanafunzi anayepewa somo la swali la mkiani hulipenda, nami sioni sababu ya kumcheka. Darasa lake lina watoto wengi kupita kiasi, vitabu ni vichache, na hapa pana somo linaloandikika lote katika ubao mmoja: mstari katikati, sentensi kushoto, mikia kulia, kanuni tatu chini yake. Mtoto hupata alama. Mkaguzi huridhika. Hakuna anayelazimika kusema neno kwa kinywa chake.

Na hapo ndipo linapopotea lililo muhimu, maana swali la mkiani kwa kweli si moja, ila mawili yenye maandishi ya namna moja. Sauti ikishuka mwishoni, msemaji anajua, naye anataka kuafikiwa tu. Ikipanda, hana hakika, naye anauliza kweli. Ubao hauwezi kuonyesha hilo. Lakini Kisukuma ni lugha ya toni, ambayo mpando na mshuko wa sauti hutenga maana, na mtoto aliyelelewa nacho ana sikio ambalo Mwingereza angelionea wivu. Laiti somo lingeanzia sikioni, kwa watoto wawili wawili kuambizana mambo wanayoyajua na wasiyoyajua, pengine lingekuwa somo jepesi kuliko yote ya mwaka. Vivyo hivyo kuhusu jawabu. Mazoezi humfundisha mtoto kutunga mkia wala hayamfundishi kuujibu, na kijana aliyepata alama zote za karatasi, akiulizwa na mgeni, "You don't live here, do you?", hujibu "Yes" kwa nia njema kabisa, kisha hushangaa mgeni anapomwomba amwonyeshe nyumba yake.

Watu wazima waliopita katika shule hizo walikwisha kata shauri lao zamani. Msikilize mhasibu, mwalimu, au mwanasiasa wa Afrika ya Mashariki akizungumza Kiingereza bila ya kujitazama: atasema "isn't it" baada ya kila sentensi, iwe ya jana au ya kesho, ya mtu mmoja au ya halaiki. Walimu huliita kosa. Wahindi hufanya hivyo tangu zamani, watu wa Wales nao hali kadhalika, na vijana wa London wa leo wamelifupisha neno hilo hilo kuwa "innit" na kulitia mwishoni mwa kila walisemalo, bila ya kuujali wakati wala nafsi. Mimi si mwenye kupendekeza kwamba mtahini akubali neno hilo. Nasema kwamba mhasibu wa Mwanza, anaposema hivyo, anazungumza na mwenziwe, jambo ambalo ubao haukumfundisha.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, ambako hapo awali kiliruhusiwa katika ngazi za chini huku kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu zikiandikwa kwa Kiingereza. Wakili anayemhoji shahidi kwa Kiswahili humwuliza, "Hukumwona, sivyo?", na shahidi humjibu, "Ndiyo", na wote wawili, pamoja na hakimu, wanajua kwamba hakumwona. Somo la darasa la saba lingali linaendelea.